Gyeran-jjim: Mwongozo Kamili wa Yai la Mvuke la Kikorea

Gyeran-jjim ni mayai yaliyopigwa, yakachanganywa na supu, kisha yakaivishwa kwa mvuke au ndani ya chungu juu ya moto mdogo hadi yakagande. Ni chakula cha kila nyumba huko Korea. Hupewa mtoto anayeanza kula, mgonjwa asiye na hamu, bibi ambaye meno yamemwishia, na kijana ambaye mdomo unamwaka kwa pilipili. Kwenye migahawa ya nyama ya kuchoma huletwa mezani ikiwa bado inatokota, imefura kuvuka ukingo wa chungu cheusi, na kila mmoja huchota kwa kijiko chake.

Anayeipika kwa mara ya kwanza huyawaza mayai: mangapi, ya kienyeji au ya kisasa, yapigwe kiasi gani. Maswali hayo yana nafasi yake. Lakini gyeran-jjim laini ya nyumbani, ukiiweka kwenye mizani, ina supu nyingi kuliko yai. Kazi ya yai ni kuishika supu hiyo isimwagike. Kwa hiyo ukiweka maji matupu utakula maji yaliyoshikwa na yai, na ukiweka supu iliyokolea utakula supu hiyo ikiwa imekuwa laini kiasi cha kuyeyuka ulimini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dagaa.

Supu kuzidi yai kuna asili yake. Kijijini Korea, kabla ya vita vya 1950 hadi 1953 na kwa miaka kadhaa baada yake, yai lilikuwa mali. Mayai kumi yaliyopangwa safu moja na kufungwa kwa majani makavu ya mpunga yalikuwa zawadi ya heshima ya kupeleka kwa watu. Mayai mawili yakikaangwa yanakwisha kwa watu wawili. Yakipigwa na supu na kuvukishwa, bakuli linazunguka meza nzima.

Supu ya dagaa

Msingi wa supu nyingi za nyumbani za Kikorea ni vitu viwili vikavu: dagaa wa baharini, ambao Wakorea huwaita myeolchi, na dasima, mwani mpana na mnene wa bahari ya baridi. Mwani unatoa glutamati, dagaa wanatoa inosinati, vyote vikiwa vikolezo vya asili vya ladha, na viwili hivyo vikikutana ladha haijumlishwi tu, inazidishwa. Mkemia wa Kijapani Ikeda Kikunae ndiye aliyeitambua glutamati kwenye mwani wa jamii hiyo mwaka 1908, lakini wapishi wa pande zile walikuwa wakiuchemsha tangu zamani bila kuhitaji jina la kikemia.

Myeolchi bora hutoka pwani ya kusini, maeneo ya Namhae, Tongyeong na Geoje. Namhae bado kuna mitego ya kale iitwayo jukbangnyeom, yaani uzio wa nguzo na mianzi uliosimikwa penye mkondo kwa umbo la mabawa mawili, samaki wakaingia na maji na kushindwa kutoka. Wavuvi wa uzio wa pwani yetu wangeielewa kazi ile bila mkalimani. Samaki wakishavuliwa huchemshwa haraka kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Dagaa wa Zanzibar ni wa ukoo huohuo wa samaki na hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, kuchemshwa kwa maji ya chumvi kisha kuanikwa juani. Ukiwa nao, unayo malighafi sahihi. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa maji baridi wa ukoo mwingine kabisa. Ni watamu kwa ugali, lakini harufu yao inalifunika yai, kwa hiyo siwashauri hapa.

Mwani si rahisi hivyo. Ule unaolimwa Unguja na Pemba ni mwani mwekundu wa kukamulia karajinani, kitu cha kuzitishia vyakula, na hauna ladha ya dasima. Usiutumie kama mbadala. Ukikosa dasima kwenye maduka ya vyakula vya Asia, tumia uyoga mkavu, viwili au vitatu, ambao nao unakoleza ladha ya dagaa vizuri sana.

Kwa lita moja ya maji, chukua gramu 20 za dagaa, yaani konzi moja ya mtu mzima, na kipande cha dasima cha ukubwa wa kiganja. Dagaa wakubwa watolewe kichwa na utumbo, kwa kuwa utumbo ndio unaoleta uchungu. Wadogo wa ukubwa wa kidole cha mtoto watolewe kichwa tu. Waoshe haraka kama wameshika chumvi au mchanga, wakaushe, kisha wageuzegeuze kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja au mbili hadi harufu ya samaki ipungue na ije harufu ya kitu kilichochomwa. Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza, kwa sababu kwenye mchuzi wa nyanya na ndimu harufu ya samaki inafichika, lakini kwenye yai haina pa kujificha.

Loweka dagaa na dasima kwenye maji baridi nusu saa. Washa moto wa wastani. Maji yakikaribia kuchemka, toa dasima, maana ikichemka sana inatoa utelezi na uchungu. Uyoga unaweza kubaki. Acha dagaa wachemke taratibu dakika 10 bila kufunika, kisha chuja. Supu iwe na rangi ya majani makavu na iwe angavu. Ionje bila chumvi: kama unatamani kuinywa ilivyo, iko tayari. Itakayobaki inakaa kwenye jokofu siku tatu, na utaihitaji kwa supu ya mezani.

Chumvi yenye maana

Chumvi ya kawaida inatosha kupika gyeran-jjim nzuri. Iliyo ya jadi zaidi hutiwa saeu-jeot, uduvi mbichi uliolalishwa kwenye chumvi nyingi kwa miezi hadi ukawa laini na kutoa maji ya kijivu yenye ladha kali ya bahari. Wakorea huutofautisha kwa majira ya kuvuliwa: yukjeot ni wa mwezi wa sita wa kalenda ya mwandamo, mnene, mweupe na ghali, huliwa kama kitoweo; chujeot ni wa msimu wa vuli, mdogo, wa bei nafuu, ndio wa kutia kwenye kimchi, yaani mboga zilizochachushwa kwa chumvi na pilipili, na vyakula vya kupikwa. Kwa yai nunua chujeot, na fedha ya yukjeot ibaki mfukoni. Kijiko kimoja cha chai, pamoja na maji yake, kikatwekatwe kwa kisu ili asije mtu akakutana na kichwa cha uduvi katikati ya kitu laini.

Uduvi mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa aina hiyohiyo ya kamba wadogo. Hautakupa ule uchachu wa miezi, lakini unaelekea upande uleule. Chambua kijiko kimoja cha chakula, toa mchanga, kaanga mkavu kidogo, twanga, kisha loweka dakika 10 kwenye vijiko viwili vya maji ya moto yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chuja, na utumie maji yake mahali pa chumvi. Mwenye mzio wa kamba abaki na chumvi na matone machache ya sosi ya soya. Yasizidi, maana soya inalitia yai rangi ya matope.

Kipimo ninachokiamini ni gramu 3 za chumvi, yaani nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa kila gramu 375 za mchanganyiko. Dagaa wa Zanzibar huwa na chumvi yao tayari, kwa hiyo onja supu kwanza, upunguze. Chumvi haiko kwa ajili ya ulimi peke yake: inasaidia protini za yai kushikamana, na yai lililotiwa maji matupu bila chumvi hugoma kuganda sawasawa. Mapishi mengi ya Kikorea hutaja pia kijiko cha mirin, ambayo ni divai ya mchele. Kazi yake ni kupunguza harufu ya yai. Asiyetumia kileo airuke tu. Mayai yakiwa mapya na supu ikiwa imepikwa vizuri, haina pengo la kuziba.

Njia ya kwanza: laini, kwa mvuke

Hii ndiyo ya nyumbani, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Uso wake uwe laini kama kioo, na ndani kusiwe na tundu hata moja.

Unahitaji mayai 3 ya kisasa, ambayo bila maganda ni kama gramu 150, na mililita 225 za supu. Ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo usihesabu, pima: mimina mayai kwenye kikombe, tazama yamefika wapi, kisha weka supu mara moja na nusu ya kiasi hicho. Kipimo cha mara moja kinatoa yai zito la kushika kwa vijiti. Mara mbili kinatoa kitu cha kunywa kwa kijiko, chenye hatari ya kutoganda kwa mtu asiyekizoea. Anza na mara moja na nusu.

1. Supu iwe vuguvugu, kidole kivumilie. Ya moto itaivisha yai kabla ya wakati, na ya baridi kabisa itachelewesha katikati huku pembeni pakikauka.

2. Piga mayai kwa vijiti au uma ukikata ute kulia na kushoto, uma ukigusa chini ya bakuli. Usipige kama wa keki, maana kila kipovu unachokiingiza kitageuka tundu.

3. Tia supu na chumvi au saeu-jeot, koroga taratibu.

4. Chuja kwa chujio laini la chai, mara mbili ukiweza. Nyuzi nyeupe za ute zitabaki juu ya chujio. Zitupe bila huruma.

5. Mimina kwenye bakuli la udongo, la kauri au la chuma lisiloogopa joto, usilijaze hadi juu. Toa povu lililobaki kwa kijiko, au lipasue kwa ncha ya kijiti.

6. Funika bakuli kwa sahani au karatasi ya alumini. Matone yanayoanguka kutoka kwenye mfuniko wa sufuria ndiyo yanayoharibu uso wa yai.

7. Weka maji ya kina cha vidole viwili kwenye sufuria pana, tandaza kitambaa chini ili bakuli lisicheze, na chemsha. Maji yakichemka, ingiza bakuli, punguza moto hadi maji yawe yanatetemeka tu, na funika sufuria ukiacha upenyo wa unene wa kijiti.

8. Bakuli pana huchukua dakika 12 hadi 15, la kina refu hadi 18. Tikisa kidogo: pembeni pawe pameshika na katikati patikisike. Choma katikati kwa kijiti. Maji angavu yakipanda, imeiva. Yakipanda maziwa ya njano, rudisha mfuniko dakika mbili nyingine.

9. Zima moto, acha dakika 4 ndani ya mvuke. Kisha nyunyiza majani ya kitunguu yaliyokatwa ndogondogo na matone machache ya mafuta ya ufuta.

Hatua ya saba ndiyo inayotofautisha mpishi na mpishi. Yai tupu huanza kushika kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Likishachanganywa na supu, protini zake zimetawanyika, na zinahitaji karibu nyuzi 80 ili zishikane. Joto likipanda mbele ya hapo, zinajikunja, zinabana, na kuikamua nje ile supu uliyohangaika nayo. Upenyo wa mfuniko unazuia mvuke usifike ukali wake wote. Waliopo Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, wana bahati kidogo hapa: maji yao huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, mvuke ni mpole zaidi, ila waongeze dakika mbili. Dar es Salaam na Mombasa msisahau upenyo ule.

Mafuta ya ufuta ya Kikorea hukamuliwa kutoka kwenye ufuta uliokaangwa, ndiyo maana ni ya kahawia na yananukia. Mafuta meupe ya ufuta mbichi hayafanyi kazi hiyo. Ukiyakosa, kaanga mkavu kijiko cha ufuta hadi uanze kuruka, utwange nusunusu na chumvi kidogo, na unyunyize juu. Wakorea nao hufanya hivyo, na ufuta mpya wa Lindi au Mtwara uliokaangwa saa hiyohiyo unaishinda chupa iliyokaa rafu mwaka mzima.

Juu ya wali, kama zamani

Kabla ya majiko ya gesi, nyumba ya Kikorea ilikuwa na gamasot, sufuria nzito ya chuma iliyojengewa juu ya meko, na moto uleule uliopika wali ndio uliopasha sakafu ya chumba. Kuni hazikuchomwa kwa ajili ya yai peke yake. Maji ya wali yakishakauka na moto kupunguzwa, mama alifunua, akakita bakuli la mayai juu ya wali wenyewe, akafunika. Wali ulipomaliza kujipika kwa mvuke wake, yai nalo lilikuwa limeiva, na chini ya bakuli palibaki alama ya duara kwenye punje.

Sisi tunaijua saa hiyo: ni saa ya kupalia. Maji ya wali yakikauka, kabla hujapalia makaa, bonyeza bakuli dogo la chuma lililofunikwa juu ya wali, hakikisha mfuniko wa sufuria unafunga, na uache dakika 15 hadi 20 kwa moto hafifu. Makaa ya juu yawe machache kuliko kawaida. Hapa tumia supu sawa na mayai, si mara moja na nusu, kwa sababu joto hulioni wala hulirekebishi. Yai la namna hii halitoki zuri kama la mvuke. Uso wake una mawimbi. Lakini linanukia wali, na hakuna njia nyingine ya kuipata harufu hiyo. Kwenye mtungi wa umeme wa kupikia wali, bakuli liingizwe kitufe kikiruka, na likae humo hadi lishike.

Njia ya pili: iliyofura, ndani ya chungu

Ile ya mgahawani ni pishi lingine. Hapa matundu yanatakiwa, yai liwe kama sifongo nyepesi lililopanda juu, na supu ni kidogo. Chungu chake ni ttukbaegi, chungu kinene cheusi kilichopakwa rangi ya kioo na kuchomwa kwa joto kali, kinachopanda moto polepole na kuushikilia muda mrefu baada ya jiko kuzimwa. Chungu chetu cha kawaida huchomwa kwa joto la chini zaidi na kina vinyweleo vingi. Kinaweza kazi hii juu ya makaa, lakini kiwe cha zamani kilichozoea moto, na kisiwekwe juu ya gesi kali kikiwa kikavu au baridi. Sufuria ndogo nene ya chuma nayo inafaa, ila haitaendelea kutokota mezani.

Kwa chungu cha nusu lita: mayai 4, mililita 150 za supu, nusu kijiko cha chai cha chumvi au kijiko kimoja cha saeu-jeot, majani ya kitunguu, karoti iliyokatwa kama punje za mchele ukipenda.

Chemsha supu ndani ya chungu. Piga mayai na chumvi; hapa huhitaji kuchuja, na povu si adui. Supu ikichemka, mimina mayai polepole kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukikoroga. Moto uwe wa wastani. Koroga bila kuacha, kijiko kikikwangua chini na pembeni, kwa dakika mbili au tatu, hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wenye mabonge laini. Hapo kama theluthi mbili ya yai imeshika na theluthi moja bado ni majimaji. Ukiwahi kuacha, chini itaungua huku juu ni maji. Ukichelewa, hakuna majimaji ya kuinuliwa na mvuke na yai halitapanda. Wakati huo hauzidi nusu dakika, kwa hiyo usiache jiko kufuata chochote.

Lisawazishe juu, tia kitunguu, punguza moto hadi wa mwisho kabisa, na ufunike kwa bakuli lililopinduliwa, si mfuniko bapa. Yai linahitaji nafasi ya kupanda, na kuba la bakuli ndilo linaloipa. Dakika mbili hadi tatu. Mvuke ukianza kutoka pembeni na ukasikia harufu ya yai linalokaribia kushika chini, zima. Ngoja dakika moja, funua mezani mbele ya walaji, maana baada ya dakika chache litatulia na kushuka. Kushuka huko si kosa la mtu.

Migahawa huongeza urefu kwa kujaza chungu karibu hadi ukingo na kufunika kwa chungu kingine kilekile kilichopinduliwa. Wengine hutia baking powder kidogo. Sioni haja. Inaacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, na chungu kilichojaa robo tatu au zaidi kidogo kinatosha kupandisha yai kwa haki.

Tanuri la maikrowevu pia hutumika sana Korea, hasa na wanaoishi peke yao: bakuli lililofunikwa, nguvu ya nusu, dakika tatu, koroga, dakika moja na nusu tena. Linashibisha. Zaidi ya hapo silisifii.

Likikataa

Yai lenye matundu na maji yanayojikusanya pembeni limepikwa kwa moto mkubwa. Punguza moto, acha upenyo, ondoa mapema. Likibaki maji baada ya dakika 20, supu ilizidi au chumvi ilisahauliwa. Liache kwa mvuke, lisiposhika ligeuze kuwa supu ya yai kwa kuongeza supu ya dagaa, na hakuna atakayelalamika. Rangi ya kijani inayotokea ni madini ya chuma ya kiini yakikutana na salfa ya ute kwenye joto la muda mrefu. Haina madhara, ila inakwambia umepitiliza. Harufu kali ya yai hutoka kwenye mayai yaliyokaa. Yajaribu kwenye maji kabla ya kuyavunja: linalolala chini ni jipya, linalosimama litumike haraka kwenye kitu kingine, linaloelea litupwe.

Mlo mzima

Gyeran-jjim haikai mezani peke yake. Meza ya nyumbani ina wali, supu na kimchi, halafu vitoweo vidogovidogo, banchan, ambavyo kila mtu huvichangia kutoka katikati. Desturi ya zamani ilihesabu vitoweo bila kuhesabu wali, supu wala kimchi: vitatu kwa watu wa kawaida, vikipanda hadi kumi na viwili kwa mfalme. Wali na supu huliwa kwa kijiko, mabakuli yakibaki mezani, na hakuna anayeanza kabla ya mkubwa wa nyumba hajashika kijiko chake.

Kitoweo cha kwanza kukichagua ni mchicha. Wakorea wanaula mchicha wenyewe, wanauita bireum, na ulikuwa mboga ya pembezoni mwa mashamba muda mrefu kabla ya kufika sokoni. Chambua fungu moja, utupe mashina magumu, utumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika moja, uuhamishie kwenye maji baridi, ukamue kwa mikono miwili hadi usidondoke. Ukate mara mbili. Uchanganye kwa vidole na kijiko cha chai cha doenjang, ambayo ni soya iliyochachushwa na kusagwa, kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta na ufuta uliokaangwa. Tumia vidole kweli, kwa sababu kijiko hakiyafikii majani yaliyoshikana. Usiuweke tena jikoni, huliwa wa baridi au wa kawaida, na ukavu wake ukikutana na ulaini wa yai kila kimoja kinamtengeneza mwenzake.

Supu ni ya doenjang pia. Maji ya kuoshea mchele usiyamwage: ya kwanza ni machafu, ya pili yahifadhi, kwa kuwa wanga wake unaifanya supu iwe nzito kidogo na kuutuliza ukali wa soya. Changanya nusu lita yake na nusu lita ya supu ya dagaa iliyobaki, yeyushia humo kijiko kimoja na nusu cha chakula cha doenjang kupitia chujio, tia kabeji au spinachi na kitunguu saumu, chemsha dakika 10. Ukipika hivi, mpangilio unajileta wenyewe: loweka dagaa, osha mchele, chemsha supu, bandika wali, andaa mchicha wakati wali unachemka, piga mayai wali ukikaribia kukauka, na supu ya doenjang ichemke wakati yai liko ndani ya mvuke. Chini ya saa moja na nusu, jiko la mafiga mawili.

Chungu na mabaki

Ttukbaegi mpya huchemshiwa maji ya mchele dakika 10 kabla ya kazi ya kwanza, wanga uzibe vinyweleo vyake, kisha huachwa ipoe yenyewe. Usiioshe kwa sabuni, maana itainywa na kuirudisha kwenye yai la kesho. Iliyoungua chini ijazwe maji vuguvugu na kijiko cha magadi soda, ichemshwe taratibu, ikwanguliwe kwa mwiko wa mti. Na isipelekwe kwenye maji baridi ikitoka motoni.

Yai lililobaki liingie kwenye jokofu likishapoa, liliwe kesho yake. Usilichemshe upya juu ya moto, litakamuka. Lirudishe kwenye mvuke mpole dakika tano, au livunjevunje lilivyo juu ya wali wa moto, tia matone mawili ya sosi ya soya na ya mafuta ya ufuta, uchanganye. Ndivyo watoto wengi wa Kikorea wanavyokula kabla ya kwenda shule.